Mfalme wa Waswahili alikuwa nani?

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili alinijia juzi baada ya kipindi cha mwisho, daftari mkononi, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mwalimu," alisema, "mfalme wa Waswahili alikuwa nani?" Nilitaka kujua anamtakia nini mfalme huyo. Akalifungua daftari na kunionyesha ukurasa alioupiga mistari kwa rula. Juu aliandika "Mataifa Mapya". Chini yake yalikuwamo majina kama kumi hivi, na mkabala wa kila jina kulikuwa na nafasi nne: mfalme, mji mkuu, kikosi maalumu na jengo maalumu. Waswahili walikuwa wa kwanza katika orodha hiyo. Mji mkuu ulikuwa Mombasa. Penye kikosi aliandika "manowari", na penye jengo akaandika "Fort Jesus". Nafasi ya mfalme ilikuwa tupu.

Msomaji ambaye hana kijana nyumbani huenda asifahamu habari hizi, hivyo sina budi kueleza kidogo. Kuna michezo ya kompyuta ambayo mchezaji hukabidhiwa taifa la kihistoria, mathalan Warumi, Wachina au Wazulu, akaliongoza tangu kijiji cha kwanza hadi kuwa dola. Hulima, hujenga, hufanya biashara, hupigana. Kila taifa hupewa kiongozi wake na sifa zake. Kila baada ya muda watengenezaji hutoa nyongeza yenye mataifa ambayo hayakuwamo hapo awali, na kabla nyongeza haijatoka wapenzi wa michezo hiyo huanza kubahatisha: safari hii ataingia nani? Kijana wangu alikuwa katika kazi hiyo ya kubahatisha.

Nakiri kwamba mimi ni miongoni mwa walimu waliozoea kuiona michezo hii kuwa adui wa kitabu. Lakini sijapata kumwona kijana huyu akipiga mistari kwa rula kwa ajili ya somo langu la historia. Nilimwomba aniachie daftari hadi Jumatatu, nikaenda nalo nyumbani.

Kisa chenyewe kina kejeli yake. Mwaka 2005 lilipotoka toleo la nne la mchezo mashuhuri uitwao Civilization, ambao jina lake ni kama kusema Ustaarabu, wimbo wake wa ufunguzi uliimbwa kwa Kiswahili. Wimbo huo, "Baba Yetu", ulitiwa muziki na Christopher Tin wa Marekani, na maneno yake ni ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo. Naam, watu wa Ulaya, Asia na Marekani walikaribishwa katika historia ya ulimwengu kwa lugha yetu. Ni kama mgeni aliyepokewa kwa ngoma na vigelegele vya wenyeji, kisha alipoingia ndani asimkute mwenyeji hata mmoja. Waswahili hawakuwamo katika orodha ya mataifa ya toleo hilo.

Hatuwezi kusema kwamba Afrika imesahauliwa kabisa. Mchezo huo ulipoanza mwaka 1991 chini ya Sid Meier ulikuwa na mataifa 14, na mawili kati yake yalikuwa ya bara hili: Wamisri, na Wazulu wa Shaka. Baadaye waliingia Mali ya Mansa Musa, Songhai ya Askia, Uhabeshi, Nubia ya malkia Amanitore, na Kongo ya Mvemba a Nzinga. Toleo la saba lilipotoka Februari 2025 lilikuwa na Aksum, Songhai, na hata jirani zetu wa Buganda. Pwani yetu je? Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar imo, lakini ni mji mdogo ambao wakubwa huufanyia urafiki ili wapate karafuu na mdalasini. Na katika nyongeza ya mwaka 2018, Kilwa Kisiwani imo miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo taifa lolote linaweza kuyajenga likiwa na ufuo wa bahari. Mchezaji anaweza kuijenga Kilwa akiwa Mrumi. Anaweza kuijenga akiwa Mwazteki au Mwingereza. Akiwa Mswahili hawezi.

Kubwa zaidi nililiona katika mchezo mwingine, Age of Empires II. Mwezi wa Novemba 2015 mchezo huo ulipata nyongeza iliyoitwa Falme za Afrika. Mataifa yake mapya yalikuwa manne: Waberberi, Wahabeshi, Wamali na, usicheke msomaji, Wareno. Kila taifa lilikuja na hadithi yake ya kuchezwa hatua kwa hatua, na hadithi ya Wareno ni ya Francisco de Almeida. Wanafunzi wa historia wanamjua bwana huyu. Ndiye aliyeivamia Kilwa Julai 1505, na mwezi uliofuata akaiteka Mombasa, akaipora na kuitia moto. Katika masimulizi ya msafara ule ule mna barua ambayo mfalme wa Mombasa alimpelekea mwenzake wa Malindi kumweleza maangamizi aliyoyakuta aliporejea mjini. Kwa hiyo katika nyongeza iliyokusudiwa kuitukuza Afrika, kijana wa Mombasa anayeifuata hadithi hiyo hujikuta amepanda merikebu ya Almeida.

Basi nikaona kwamba swali la kijana si la mchezo tu. Nikarudi kwenye nafasi iliyo tupu.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 alimkuta akitawala, akaandika kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake. Msafiri huyo aliyekwisha kuiona Makka na Damascus aliihesabu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Sultani huyu ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali la bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Sarafu za Kilwa zimezagaa mbali. Moja ya enzi yake ilifukuliwa Great Zimbabwe, kulikotoka dhahabu iliyoutajirisha mji wake kupitia Sofala. Mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nani asingependa mfalme wa namna hiyo? Ibn Battuta anaeleza pia kwamba sultani huyu aliwavamia majirani wa bara na kuchukua ngawira, nalo lisifichwe, kwa maana Shaka na Mansa Musa hawakuingizwa kwa sababu walikuwa malaika.

Lakini mtawaze huyu kuwa mfalme wa Waswahili, nayo Mombasa itakuuliza ni lini iliwahi kumpigia magoti. Pate itakuletea Wanabahani wake. Mombasa itamtaja Mwana Mkisi, malkia ambaye simulizi humfanya mwasisi wa mji. Wapenzi wa ushairi watamdai Fumo Liyongo, ambaye wataalamu hawajaafikiana hata kuhusu karne aliyoishi. Na wako ambao watamleta Seyyid Said bin Sultan, kwa kuwa ramani ya dola yake yapendeza. Huyo ni mtawala wa Oman aliyehamishia kiti chake Unguja katika karne ya 19, na kumfanya kiongozi wa Waswahili ni sawa na kumweka gavana Mwingereza kuwa kiongozi wa Wakikuyu.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na mfalme wa Waswahili kwa sababu hakukuwa na dola ya Waswahili. Palikuwa na miji, kutoka Mogadishu hadi Sofala, mwambao wa zaidi ya kilomita elfu mbili, kila mji na mtawala wake au wazee wake. Mombasa ilijipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika mafungu mawili, Tisa na Thelatha. Lamu iliongozwa na baraza la wazee wa koo kubwa. Mamlaka ya mji yalionekana katika siwa, baragumu lile kubwa lililopulizwa katika hafla za waungwana. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba nyeupe, na zote mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Miji hiyo ilishindana na kuoneana kijicho. Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 kwa furaha kubwa, na sababu mojawapo ni kwamba Mombasa ilikuwa hasimu yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaobahatisha. Wengi wao hutaka tupate dola kama wengine: mfalme mmoja, mji mkuu mmoja, jeshi linalovamia. Hutaka tuvae kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha Mrumi. Ikiwa ndiyo sharti ya kuingia, mimi naona afadhali tubaki nje. Na michezo yenyewe imethibitisha kwamba kipimo ndicho chenye ila. Uko mchezo mwingine, Europa Universalis IV wa mwaka 2013, ambao hauanzi na orodha ya mataifa mashuhuri bali na ramani ya dunia ya mwaka 1444. Humo Kilwa imo na inachezeka. Hakuna aliyehitaji kuiombea nafasi. Aliyechora ramani kwa uaminifu aliikuta pale pale ilipokuwa.

Tena kuna hilo neno "ustaarabu", ambalo sisi walimu hulitumia kila siku bila kulipekua. Kustaarabu ni kufuata mwenendo wa Kiarabu. Wanahistoria wa pwani wameonyesha kwamba neno hilo lilipata nguvu katika karne ya 19, chini ya utawala wa Busaidi, na kwamba kabla yake mtu wa mji aliyeelimika na kujiheshimu alisifiwa kwa uungwana. Nami sisemi kwamba uungwana haukuwa na doa: mwungwana alikuwa mwungwana kwa kuwa pembeni yake palikuwa na mtumwa. Hata hivyo, neno hilo lilikuwa kipimo cha wenyeji wenyewe, nalo lilipima nyumba, usomi, usafi na heshima. Halikupima idadi ya miji uliyoichoma.

Hofu yangu nyingine ni kwamba Waswahili wakiingizwa kwa haraka watavishwa sura ya Waarabu wa kuhamia, kama walivyoandikwa kwa miaka mingi na wageni waliodhani kwamba Mwafrika hawezi kujenga nyumba ya mawe. Lugha ni ya Kibantu, na hilo halina ubishi tena. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia waliochimba chini ya msikiti wa mawe miaka ya 1980 walikuta mabaki ya misikiti ya miti na udongo iliyoutangulia, ya tangu karne ya 8. Mji ulikua hatua kwa hatua kutoka ardhi yake wenyewe. Na uchunguzi wa chembe za urithi wa watu 80 wa kale, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha wenyeji wa Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, wakichanganyika na Waajemi, hasa kwa upande wa akina baba, kuanzia yapata mwaka 1000. Hadithi za Washirazi ambazo tulizoea kuzicheka zilikuwa na chembe ya ukweli, na wale waliozifanya kuwa ukweli wote walikosea.

Sasa turudi kwenye daftari, maana kubahatisha kuna raha yake na sikutaka kumnyima kijana raha hiyo. Jengo la kwanza nililifuta. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na sababu ya kujengwa kwake ilikuwa kumdhibiti huyo huyo Mswahili tunayetaka kumpa sifa. Kijana alisononeka nilipomweleza, kwa kuwa aliiona kwa macho yake katika ziara ya shule na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Nilimpendekezea msikiti mkuu wa Kilwa, au nyumba ya matumbawe yenye zidaka ukutani.

Manowari nayo niliifuta. Chombo cha Waswahili kilikuwa mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mraba lilisukwa kama mkeka. Haukuwa na mizinga. "Sasa utashindaje vita?" aliniuliza kijana. Hilo ndilo swali la msingi, na jibu langu ni kwamba taifa hili lisijengwe kwa ajili ya vita.

Liwekewe pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, ikavileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kisha kusi huigeuza bahari, vikarudi. Mfanyabiashara aliyechelewa hukwama miezi kadhaa. Hupanga nyumba, hujifunza lugha, huoa, huzaa. Hebu fikiri mchezo ambao katika msimu mmoja vyombo vyako vinakimbia kuliko vya mtu yeyote, na katika msimu wa pili haviendi popote, lakini kila mgeni aliyekwama bandarini kwako hukuongezea elimu, mali na watoto wanaozungumza lugha yako. Ukimshambulia, mwaka ujao harudi. Jirani wa bara ukimwudhi, dhahabu na pembe hazishuki pwani. Miji yako yenyewe haikutii, bali huishawishi. Na ushindi wako uhesabiwe kwa wanaosema lugha yako bila kutawaliwa nawe, kwani ndivyo ilivyotukia: tangu mwaka 2021 UNESCO imeitengea Kiswahili tarehe 7 Julai, na wengi wa wazungumzaji wake hawajapata kuiona bahari.

Je, jambo kama hilo lawezekana? Lawezekana, kwa kuwa watengenezaji hao hao walikwisha kugeuza historia kuwa kanuni. Katika toleo la sita, Mvemba a Nzinga wa Kongo hawezi kuanzisha dini yake mwenyewe, kwa sababu katika historia aliipokea ya wageni.

Bado limebaki suala la ruhusa, ambalo wabahatishaji hawalitaji. Mwaka 2013 ilipoandaliwa nyongeza ya toleo la tano, watengenezaji walikusudia kuwaingiza Wapueblo wa Marekani na kiongozi wao Popé. Walipowauliza viongozi wa Wapueblo, hawa walikataa, nao wakaheshimiwa. Nafasi ikachukuliwa na Washoshone. Miaka mitano baadaye Wakrii wa Kanada waliingizwa pamoja na kiongozi wao Poundmaker, na Januari 2018 kiongozi mmoja wa jamii hiyo, Milton Tootoosis, alilalamika hadharani kwamba mchezo huo unaendeleza fikra ya kikoloni kuwa watu wake walikuwa na tamaa ya kuteka wengine. Nami najiuliza: siku watakapotaka kumwuliza Mswahili, watambishia nani hodi? Wazee wa Lamu? Makumbusho? Chuo kikuu? Au huyu kijana mwenye daftari, ambaye kwao ni Webuye na hajawahi kuishi pwani, lakini aliponiuliza swali lake la pili alisema, "Mwalimu, mbona sisi hatumo?"

Hiyo "sisi" ilinishtua. Nilitaka kumsahihisha, nikakumbuka kwamba wataalamu wamebishana juu ya Mswahili ni nani tangu kabla sijazaliwa, na sidhani kwamba ubishi huo utaishia mlangoni mwa darasa langu.

Jumatatu nilimrudishia daftari. Amefuta neno "mfalme" kwa kifutio na juu yake akaandika kwa penseli "wazee wa mji", na pembeni akatia alama ya kuuliza. Mji mkuu umebaki Mombasa. Hapo amekataa kata kata kunisikiza. Sasa tunazozana juu ya lugha, kwa sababu katika Age of Empires II askari wakiamrishwa huitika kwa lugha yao, Wahabeshi kwa Kiamhari na Wamali kwa Kibambara. Mimi nataka mabaharia waitike kwa Kimvita, au angalau Kiamu, kwa kuwa Kiswahili sanifu ni mtoto wa karne ya 20, na sitaki kumsikia nahodha wa mwaka 1331 akisema kama msahihishaji wa mtihani. Kijana anasema Kimvita hatakielewa, na kwamba mchezaji asipoelewa anaambiwa nini na watu wake mwenyewe, ni yale yale ya Almeida. Hatujaafikiana.